Swali la Tatu

Elirehema aliutambua mwandiko kabla hajamaliza kusoma jibu.

Dodoso la majaribio la utafiti wake lilirudi kwa posta, halina jina. Swali la saba liliwauliza wanasayansi kama viumbe vilitokea kwa mabadiliko ya asili au vilisanifiwa na mwenye akili. Huyu alitia alama kwenye mabadiliko ya asili, akaongeza kwa wino wa kijani: "Sijawahi kumwambia mtu."

Akarudi swali la tatu, kazi yako na usharika wako. Mtaalamu wa mimea, Kikatiti. Usharika mzima ulikuwa na mtaalamu wa mimea mmoja tu, mzee wa kanisa, baba yake mzazi.

Wafadhili ndio waliolitaka swali hilo. Kesho stensili, karatasi ya nta yenye maswali yote, ingekwenda kuchapwa nakala mia tatu.

Akafungua kichupa cha dawa ya kufutia, ile ya waridi inayonuka kama rangi ya kucha. Akalipaka swali la tatu lote kwenye stensili, akalipuliza taratibu mpaka likakauka. Dodoso akalikunja, akalitia mkobani.

"Mama, kengele ya pili hiyo," baba yake alimwita kutoka uani.

"Nakuja, baba. Leo nani anasoma neno?"

"Mimi. Mwanzo, sura ya kwanza."