Shada la Kufunga Mwaka

Fundi alikuwa ameshashika mkasi kukata leso, pale kwenye baraza lake Biashara Street, simu ya Zilpah ilipolia. Leso Zilpah aliinunua iwe zawadi ya mdogo wake, anayemlelea binti kijijini huko bara.

Alikuwa ametumiwa video ya sherehe ya kufunga mwaka shuleni kwa bintiye. Msichana ametokea wa kwanza, na mwalimu anamwambia amvishe mamake shada la kumetameta.

Hakusita. Akamwendea mamake mdogo moja kwa moja.

Shada likanasa kwenye hereni. Zilpah akatazama vidole vya mwanawe vikilinasua polepole, vikitulia shavuni kwa yule mwanamke kana kwamba vimezoea kukaa hapo. Yeye hakumbuki kuguswa hivyo hata mara moja. Roho ikamuuma.

Fundi akachungulia. "Mashaallah! Huyo ndiye mamake?"

"Nani, huyo?" Zilpah akaifunika simu pajani. "Huyo ni mtumishi wangu tu. Mamake ni mimi."

Fundi akainyoosha leso mezani, akaanza kukata.

"Basi amekulelea vizuri, mama. Na yeye umemnunulia nini?"