Barua za Chini ya Mlango

Barua ya nne Batuli aliikuta palepale zilipokuwa zile tatu, chini ya mlango. Hakuifungua. Aliifutika ndani ya buibui, akavuka uchochoro kwa Hindu.

Batuli alisomeshwa chuo cha Kurani na nyanyake. Maandishi ya Kiarabu aliyasoma bila kukwama, lakini herufi za shule hakuzijua. Hindu alifika darasa la saba, na mwaka ule wa themanini na tatu hapakuwa na wengi kama yeye katika wanawake wa mtaa ule wa Malindi.

"Imekuja nyingine?" Hindu aliuliza, akijipangusa unga mikononi.

Alisoma kimya kwanza, kama kawaida yake. Kisha akasoma kwa sauti, polepole.

"'Wewe mwanamke uliyeachwa. Kofia unazoshona ni kisingizio cha kuita waume za watu mlangoni. Mji mzima wakucheka.'"

Batuli aliketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Mbona ni ndefu? Ndiyo hayo tu?"

"Yaliyobaki ni matusi, shoga. Ulimi wangu hauyawezi."

"Na ua hili alilolichora hapa pembeni?"

"Kejeli."

"Wala jina hakutia?"

"Mwenye maneno kama haya atatia jina?"

Batuli aliitazama karatasi. "Nitampelekea mzee wa mtaa."

"Asomewe mbele ya kila aliyekaa barazani? Hayo ndiyo anayoyataka huyu." Hindu aliikunja barua, akaiweka mapajani. "Niachie niichome, kama zile nyingine."

Chai ilichemka, ikamwagika kidogo.

"Kumbe wamekwisha kusikia," Batuli alisema. "Jana nilipitana sokoni na mwalimu Mahadhi, yule anayesomesha Gede. Alinisalimu, kisha akasimama kama anayengoja neno. Niliinamisha uso nikapita."

"Alikuuliza nini?"

"Hakuuliza kitu."

"Wewe nawe hukumwambia kitu?"

"Nimwambie nini, Hindu? Nilitamani ardhi inimeze."

Hindu alimmiminia chai, akamtilia sukari mwenyewe.

"Nimechoka," Batuli alisema. "Kesho kutwa nashika basi la Lamu, nikakae na mamangu."

"Nenda, shoga. Wivu wa watu hawa utakumaliza bure."

Batuli alipotoka, Hindu aliutia komeo mlango. Aliikunjua barua, akaisoma tena kuanzia juu.

"Bi Batuli, barua tatu hukunijibu, na leo sokoni ukanipita. Sikulaumu. Nimekwisha sema na wazee wangu, wanangoja neno lako tu waje kukuposa. Ukinyamaza na hii pia, nitajua hunitaki, wala sitakusumbua tena. Mahadhi."

Alipofika kwenye jina, alilipitishia kidole mara mbili, ndipo akaitia barua motoni.