Mama Filimbi

"Usivute mkono! Kamata kidole kimoja, hicho kidogo, ukikunje nyuma mpaka aombe msamaha."

Washonaji walicheka. Mama Filimbi hakucheka. Alipita kati ya vyerehani, akimvalisha kila msichana filimbi shingoni.

Msimamizi wa kiwanda alisimama mlangoni, mikono kifuani. Miaka kumi na saba ya kukagua mishono ilikuwa imemfundisha jambo moja: nguo inayomeremeta mno kwa nje, igeuze uone ndani. Na mama huyu alimeremeta. Nani asiyejua habari yake? Mwanawe aliuawa kichochoroni, naye tangu siku hiyo anazunguka viwandani, sokoni na shuleni kufundisha mabinti kujilinda. Redioni walimwita shujaa.

Lakini mbona hakuwa na hata picha ya marehemu? Waliofiwa huitembeza picha. Tena alijua mambo mno.

"Kwanza atakuuliza saa," alikuwa akiwaambia. "Anataka usimame tu. Atakuwa mpole kama kaka yako. Wewe usisimame!"

Kayajuaje yote hayo? Maiti hasimulii.

Kitinda mimba wa msimamizi, anayeshona kola pale pale kiwandani, alikuwa haambiliki. Nyumbani ni Mama Filimbi kasema hivi, Mama Filimbi kasema vile. Alikuwa ameomba ruhusa aache kazi amfuate katika safari zake. Msimamizi akaona sasa imetosha. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Mafunzo yalipokwisha, mashine zikaanza kunguruma tena. Akamwita mgeni stoo, kati ya majora ya vitambaa, akarudishia mlango.

"Dada, sitazunguka mbuyu. Huyo mtoto alikuwepo kweli, au ni hadithi ya kujitafutia jina?"

"Alikuwepo. Nilimzaa, nikamzika."

"Na aliyemuua? Alifungwa?"

"Aliachiwa."

"Nawe ukanyamaza?"

"Sikunyamaza. Nilisimama mahakamani nikamtetea."

Msimamizi alirudi nyuma hatua moja, mkono ukatafuta kitasa. Na mwanangu ndiye anayetaka kuandamana na huyu!

"Ulimtetea aliyemuua mwanao? Wewe ni mama wa namna gani?"

Mama Filimbi alijikalia polepole juu ya jora la kitambaa cheusi. Sauti iliyokuwa ikijaza kiwanda kizima ilimtoka sasa kama ya mgonjwa.

"Yule binti aliyemuua alikuwa ametoka kazini, dada, anarudi kwao. Mwanangu ndiye aliyekuwa amemvizia."