Hakuna Kiziwi Yadini Hapa

Raphaeli alijikuna shingo, na Zabron, aliyeketi upande wa pili wa benchi, naye akajikuna. Kipimo kilikuwa hakijaanza. Lakini mpiga chabo mzuri hufanya mazoezi mapema.

Madereva wote wa Bosi Abdulrahim walikuwa wamepangwa yadini pale Tunduma kama watoto wanaosubiri chanjo, kila mmoja na hedifoni kichwani. Nyaya zote ziliingia kwenye kisanduku kimoja mezani. Nyuma ya kisanduku alisimama Loisi, binti wa Mlowo aliyesomea ufundi wa vifaa vya hospitali, akarudi na kampuni changa na ndoto nene: mashine za masikio za bei nafuu, kwa watu wa kawaida. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mtaji, na mtaji ulikuwa kwa bosi.

"Wateja wako ni kina nani, binti?" bosi alikuwa amemuuliza, kwa ile sauti yake ya kuita lori lililoko Zambia.

"Madereva, mzee. Injini, ekzosi, honi za upepo, miaka nenda miaka rudi. Hata hapa kwako wapo wanaohitaji."

"Hapa kwangu?" Bosi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Kiziwi mimi simpi lori! Wapime sasa hivi, wote pamoja, magari yanasubiri kupakia. Ukimpata hata mmoja, mtaji unao. Usipompata, basi. Biashara bila mteja ni sadaka, na sadaka nimeshatoa Ijumaa."

Bosi mwema kweli. Ukimsikiliza utadhani huyo kiziwi akipatikana atachinjiwa mbuzi. Zabron hakuwa amemsahau mwenzake Yesaya, aliyetamka tu kwamba sikio linamvuma. Kesho yake alinyang'anywa lori, akapewa kulinda geti. Naam, asiyesikia ndiye akawekwa kuwasikilizia wezi.

Na Zabron mwenyewe alikuwa kiziwi wa kutosha. Sikio la kulia lilikufa kwanza, lile la dirishani. La kushoto likalifuata kwa heshima zote. Aliishi kwa kusoma midomo ya watu, na kwa jibu moja tu, "Ee mukwai," yaani ndiyo mheshimiwa, adabu ya Kibemba inayofaa pande zote mbili za boda. Ukijibiwa hivyo na mzee mwenye mvi zake, utauliza nini tena? Watu walimsifu kwa upole.

Aliyekataa kudanganyika ni mjukuu wake, Rozi. Mtoto alikuwa akimpandia mapajani na kumnong'oneza hadithi, na babu akawa anacheka mahali pa kusikitika. Siku hizi Rozi anamnong'oneza mbuzi. Hilo lilimuuma Zabron kuliko meno yake yote mabovu. Zile mashine za Loisi alizitamani, Mungu ndiye shahidi. Lakini bila usukani angekula wapi? Shamba la kahawa kule Isansa ndugu zake waligawana yeye akiwa njiani kwenda Kapiri, huko Zambia, wakamwachia baraka.

Kwa hiyo ilikuwa lazima asikie. Mkombozi wake alikuwa Raphaeli, kijana aliyesifika yadi nzima kwa kutambua beringi mbovu kwenye lori la jirani. Zabron alijiweka mahali pa kuuona mkono wake kwa pembe ya jicho.

Bosi naye hakubali kuchezewa. Ili binti asije akaleta ujanja, alidai hedifoni yake, akaivaa, akaketi mbele ya madereva wake wote. Alikuwa dereva zamani, na hadi leo hujisifu kwamba honi yake ilikuwa inawaamsha watu wa Mlowo yeye akiwa bado Vwawa.

"Mkisikia mlio, inueni mkono," Loisi alieleza, akiwaonyesha kwa vitendo. Kisha akainamia kisanduku, akawa anahangaika na vidude vyake.

Mara mkono wa bosi ukapanda. Wa Raphaeli ukapanda. Zabron akapandisha wake, na benchi zima likawa limeshapandisha. Mikono ikashuka. Ikapanda tena. Bosi alikuwa amefumba macho kama mwonja mchuzi, na kila mkono wake ulipokwenda juu ulikwenda kwa madaha zaidi. Zabron alilowa jasho. Uoga ni fundi jamani, maana ilifika mahali hata yeye akaona kama kweli anasikia kitu, mlio mwembamba, mtamu, unaotoka mbali.

"Umeona?" Bosi alinguruma, hedifoni hata hajavua. "Wote! Mzee kwa kijana! Hakuna kiziwi yadini hapa! Funga virago, binti, kawatafute huko Mbangala."

Loisi alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama bosi, akalitazama benchi kutoka mwanzo hadi mwisho, na midomo yake ikatetemeka. Zabron alijua sasa binti atalia, na aibu ikamshika. Mkono wake mwenyewe, mkono wa babu mzima, ndio uliokuwa umeizika ile mashine ambayo ingemrudishia hadithi za Rozi. Alitaka kusimama aseme, "Mimi, mama, mimi hapa ni mteja wako." Akalifikiria geti la Yesaya, akabaki ameketi.

Loisi hakulia. Alizungumza polepole, na Zabron, fundi wa midomo, akasoma neno baada ya neno:

"Bosi, samahani. Mashine bado sijaiwasha."

Bosi Abdulrahim akatabasamu, akafumba macho, akainua mkono. Raphaeli akainua. Benchi zima likainua.