Ngedere na Upondo wa Kenge

Kenge alikuwa mvuvi kwenye ziwa la maji haba, na mtumbwi wake aliusukuma kwa upondo, ule mti mrefu unaokitwa topeni. Kila jioni alimgawia jirani yake Ngedere kambare wawili. Ngedere aliwala huku roho ikimuuma.

“Si ufundi huo, ni upondo tu,” alinung'unika.

Asubuhi moja akaiba mtumbwi na upondo wake. Katikati ya ziwa upondo ukanasa kwenye tope. Mvuvi huuachia mara moja, lakini Ngedere aliukumbatia. Mtumbwi ukateleza ukaenda zake, naye akabaki ananing'inia, akipiga mayowe.

Kenge akaogelea, akaupanda mtumbwi wake, akamsogelea. “Jirani, maji hayo yanakufika kiunoni tu. Achia, ushuke.”

“Nikiachia utauchukua!”

“Si wangu?”

“Ndiyo maana siachii!”

Kenge akavua palepale, chini ya miguu ya Ngedere. Jioni akamrushia kambare wake wawili kama kawaida. Wote wakatumbukia majini, maana Ngedere hakuwa na mkono wa kuwadakia.