Kitambaa cha Aliyeshindwa

Kitambaa kilikuwa kimoja na wazazi walikuwa wawili. Atakayeshinda angempata binti mwenyewe, mzima mzima, na begi lake. Atakayeshindwa angepata kitambaa.

Binti alikikunja vizuri, akakirudisha kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha shangazi yake, bado na sare ya shule. Shule ilikuwa imefungwa asubuhi ile kwa likizo ndefu, na basi likamshusha hapo hapo. Mara zote wazazi walimaliza ugomvi wao mapema, yeye akaambiwa tu akashuke wapi. Safari hii ugomvi ulikuwa haujaisha mpaka siku yenyewe.

Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu baba na mama waachane. Likizo ikikaribia, walikwenda kubishana mbele ya shangazi, naye akaamua. Shangazi alikuwa fundi cherehani, dada mkubwa wa baba, na hakuwa mtu wa kuacha kazi kwa ajili ya kelele za watu. Walimweleza huku anashona. Cherehani ikinyamaza, ujue uamuzi umefika.

"Wewe kaa hapo nje," alimwambia binti, akampa kipande cha mkate chenye siagi nene kupita kiasi. "Haya si ya masikio yako."

Haya, lakini mlango wenyewe wa mbao nyembamba vile ungezuia nini?

Na binti, tuseme ukweli, alipenda kusikia. Bwenini alikuwa amemtambia rafiki yake Kidoti, ambaye kwao walimtumia nauli tu na kumwambia ufunguo uko kwa jirani. "Mimi wananigombania, shoga. Si mchezo! Nasikia wanapigiana kelele mpaka majirani wanachungulia." Kidoti alimeza mate, akasema, "Una bahati wewe."

Bahati, ndiyo, lakini ilimuuma pia. Likizo mbili mfululizo alikuwa kwa mama, na likizo zote mbili alimwaza baba. Anakula na nani? Analia? Mama mwenyewe alikuwa amenuna siku nzima binti alipofika. Binti akajua ni uchovu wa ugomvi, maskini, kumpigania mtoto si kazi ndogo. Ndiyo maana muhula huu, kwenye kipindi cha ufundi, wenzake walipotarizi maua, yeye alitarizi maneno. Alijichoma sindano mpaka vidole vikawa havitamaniki. Hakutaka tena mmoja wao arudi nyumbani mikono mitupu.

Ndani, mama alipaza sauti. "Kila likizo anashinda yeye! Kwa sababu ni ndugu yako, siyo? Leo sitoki hapa mpaka haki yangu niipate!"

Binti alitabasamu, mkate ukiwa shavuni. Mama kasahau. Kila likizo anashinda baba vipi, na yeye alikuwa kwa mama? Ah, mtu akishapandwa na hasira, hesabu atazikumbukia wapi.

"Na mimi nina mke nyumbani, hali yake unaijua," baba alijibu. "Amekaa anasubiri jibu. Nikirudi nimeshindwa, nitamtazamaje?"

Lo! Hata mama wa kambo! Yule aliyemfokea siku ile kwa kugusa sufuria zake, kumbe naye roho iko juu, anasubiri. Binti aliona macho yanamwasha. Laiti angeweza kujigawa, angekwenda kote kote.

Cherehani ilikimbia, ikapunguza mwendo, ikanyamaza.

Shangazi alisema kitu kwa sauti ya chini, hakikusikika. Kilichosikika ni kigelegele cha mama. Mlango ukafunguka, mama akatoka uso umechanua, simu iko sikioni.

"Shoga, nimeshinda! Eeh, leo nimemweza! Safari ipo, niwekeeni kiti!"

Safari! Binti alisimama. Hajawahi kusafiri na mama hata mara moja. Mama alimbusu, akamfuta siagi shavuni kwa kidole. "Umekua, mrembo wangu," alisema, kisha akarudi kwenye simu yake, akaanza kushuka ngazi akicheka.

Binti alivaa begi haraka mgongoni. Lakini hangeweza kuondoka kabla ya kutimiza lake.

Baba alitoka taratibu, mabega yameshuka. Nyuma yake shangazi alisimama mlangoni, futi ya kupimia iko shingoni, macho yake yakiwa sakafuni.

"Pole, baba," binti alisema, akamwekea kitambaa mkononi. "Nimekitarizi mwenyewe. Ni chako."

Baba alikikunjua. Herufi zilikuwa nyekundu, nyingine zimepinda: USIHUZUNIKE. LIKIZO IJAYO NITAKUJA KWAKO.

Alikisoma. Akakisoma tena. Kisha akakikunja kama kilivyokuwa, akamrudishia.

"Hiki mkimbilie mama yako umpe, hajafika mbali," alisema. "Halafu urudi hapa tuondoke. Leo nimeshindwa mimi."