Furaha Iliyopita Kipimo

Magari sita yaligongana kwenye ukungu wa mteremko wa Igawilo, na kabla ya adhuhuri Sajenti Kihwele alikuwa ameketi sebuleni kwa Tusekile, ameshika kichupa chenye pumzi ya mumewe. Ndani yake moshi wa rangi ya maziwa uligeukageuka taratibu, kama mtoto usingizini.

"Si pombe, mama. Ambakisye ameendesha akiwa amelewa furaha, tena imepita kipimo. Ulimwambia nini asubuhi?"

Tusekile aliinamisha kichwa. Kila mke wa dereva aliijua sheria: habari nzito, iwe ya kilio au ya vigelegele, hungoja mpaka funguo zitundikwe msumarini. Lakini baada ya miaka yote ile ya kungoja, ulimi ungetulia vipi?

"Nilimwambia nina mimba, afande. Pale mlangoni."

Sajenti alikitazama kichupa. "Hongera," akasema kwa sauti ya chini. "Waliokufa ni wawili. Yeye ni mzima. Habari hiyo tumeitoa kichwani mwake, haikumbuki tena; imebaki humu kwenye chupa pamoja na pumzi yake. Kesho anarudi barabarani."

Jioni Ambakisye aliingia, macho makavu kama ya mgeni, akatundika funguo.

"Habari za kushinda, mke wangu? Kuna jipya?"

Sasa sheria ilimruhusu kusema. Lakini furaha ya namna ile, usiku mmoja ungeimaliza kabla hajashika funguo tena? Tusekile alikaza kanga tumboni, akazitazama funguo zikiyumba msumarini. Nje, ukungu ulikuwa umeshafika dirishani.

"Hakuna," akasema. "Karibu chakula."